2,147,483,647: Namba Iliyohukumiwa Kuwa Haina Faida

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya namba. Humo aliifikia namba 2,305,843,008,139,952,128 na kuitolea hukumu: hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Sababu aliyotoa haikuwa ya kihesabu. Alisema namba za aina hiyo ni za kustaajabisha tu, faida hazina, kwa hiyo hatatokea mtu wa kujisumbua kutafuta nyingine iliyo kubwa zaidi.

Namba timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukaiacha yenyewe, jumla inakuwa namba ile ile. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Ile ya Barlow yenye tarakimu 19 inapatikana kwa kuzidisha 1,073,741,824 kwa 2,147,483,647. Namba ya kwanza ni 2³⁰ na haina siri yoyote. Ni 2 iliyozidishwa kwa 2 tena na tena. Ya pili ni 2³¹ − 1, na ndiyo inayobeba mzigo wote. Euclid alikwisha kuonyesha, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Barlow, kwamba zao la namna hii huwa timilifu endapo hiyo ya pili ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe.

Barlow alikosea kwa pande zote. Namba timilifu kubwa zaidi zimepatikana kwa makumi, na 2,147,483,647 leo imo katika simu uliyoiweka mfukoni, katika mifumo ya benki na katika mitambo ya umeme ya ndege. Lakini si yeye ninayemtafuta hapa. Ninaowatafuta ni wale wanaoandika kuhusu teknolojia na kutusimulia kwa mshangao kwamba kompyuta “zinatumia namba tasa maarufu ya Euler”, kana kwamba wahandisi waliketi wakaichagua kwa sababu ya utasa wake. Namba hii ina kazi mbili ndani ya kompyuta. Katika kazi ya kwanza, utasa wake ni sadfa tupu na ungeondoka bila mtu kugundua. Katika ya pili, utasa ukiondoka kazi yenyewe inakufa. Kuzichanganya kazi hizi mbili ni kutoielewa namba.

Kabla ya kompyuta, tuanze na swali la msingi: mtu alijuaje kwamba namba yenye tarakimu 10 ni tasa, wakati hakuna hata kikokotozi?

Njia anayoifahamu kila mwanafunzi ni kugawanya. Chukua namba tasa moja baada ya nyingine, 2, 3, 5, 7, 11, uendelee hadi kwenye kipeuo cha pili cha namba unayoichunguza. Ukifika hapo bila kupata kigawo, namba ni tasa. Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, aliifuata njia hiyo. Aliandaa orodha ya namba tasa hadi 750, akathibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1603 akaongeza kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Hapo hakuwa na uthibitisho. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa, alionyesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Baadaye mwanahisabati Leonhard Euler akaiangusha 2²⁹ − 1: ni 233 × 1,103 × 2,089. Kati ya madai manne ya Cataldi likabaki moja tu, la 31.

Katikati ya habari hizi kuna mtawa wa Paris, Marin Mersenne, aliyetoa mwaka 1644 orodha ya vipeo hadi 257 ambavyo, kwa maoni yake, vinazaa namba tasa. Orodha yake ilikuwa na makosa matano: aliingiza 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107. Hata hivyo namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne mpaka leo. Aliyekisia ndiye aliyepewa jina, waliothibitisha wakabaki tanbihi. Katika historia ya hesabu jambo hilo si geni.

Mwaka 1772 ndipo Euler alipolimaliza suala la 31. Alikuwa St. Petersburg, macho yake karibu yamezima kabisa, na kazi kubwa ilifanyika kichwani mwake huku wengine wakimwandikia. Matokeo aliyapeleka kwa barua kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ukoo uliotoa wanahisabati kizazi baada ya kizazi.

Tupime ukubwa wa kazi. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Hadi hapo kuna namba tasa 4,792. Kwa njia ya Cataldi, Euler angehitaji kugawanya namba yenye tarakimu 10 mara 4,792, bila kukosea hata mara moja, na kabla ya hapo aipate orodha yenyewe ya namba tasa. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali jingine: kama kigawo kipo, lazima kiwe na sura gani?

Hapa inafaa twende polepole, maana ndipo penye utamu. Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayogawanya 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa andika mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa q. Mabaki haya yanazunguka: yakishafika 1 yanaanza upya. Hatua ya 31 inatoa 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima ugawanye 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa, na urefu hauwezi kuwa 1, kwa hiyo mzunguko una hatua 31 kamili. Fermat kwa upande wake alishatuachia kanuni kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo inabakiza 1. Basi q − 1 lazima iwe na mizunguko mizima ya 31 ndani yake. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Tukiunganisha: q ni 1 zaidi ya kigawe cha 62.

Jaribu kanuni hii kwa vigawo tulivyokwisha kuvitaja. 47 ni 2 × 23 + 1. 223 ni 6 × 37 + 1. 233 ni 8 × 29 + 1, na 1,103 na 2,089 nazo zinatii. Hakuna kilichoponyoka.

Kuna kichujio cha pili. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ mara 2¹⁶. Kwa hiyo, katika ulimwengu wa mabaki ya q, 2 ni mraba wa namba fulani, na jambo hilo hutokea tu pale q ikigawanywa kwa 8 inapobakiza 1 au 7. Weka vichujio viwili pamoja na utapata kwamba kigawo chochote cha 2³¹ − 1 lazima kiwe cha umbo 248n + 1 au 248n + 63. Basi. Kingine chochote hakina haja ya kujaribiwa.

Kuanzia hapo orodha inanyauka. Tukianza n kwenye 1, kwa kuwa 63 yenyewe si tasa, wagombea kumi wa kwanza ni 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241 na 1,303. Wanane kati yao si tasa na wanatupwa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 1,241 ni 17 × 73, na kadhalika. Wanabaki wawili. Ukigawa 2,147,483,647 kwa 311 unapata baki 35. Kwa 1,303 unapata baki 226. Hadi mwisho, kabla ya kutupa wasio tasa, wagombea wote ni 372 tu. Ukishawatupa wanabaki kama 80 hivi. Kazi ya kugawanya mara 4,792 imekuwa kazi ya siku chache kwa mtu mvumilivu. Hakuna hata mgombea mmoja aliyegawanya bila baki, na 2,147,483,647 ikatangazwa tasa. Ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka karne ya 19 ilipofika katikati.

Euler alikuwa amefanya mchezo wa namna hii kabla. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, jirani wa karibu wa mara mbili ya namba yetu, ni tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Namba mbili zinazofanana kwa sura, moja ikavunjika, nyingine ikasimama. Jicho halitofautishi. Na kipeo kuwa tasa hakutoshi: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89.

Nguvu ya kanuni ya Euler inaonekana zaidi ukiitumia mahali ambapo kugawanya kwa kawaida hakuwezekani kabisa. Chukua 2,147,483,647 yenyewe uifanye kipeo: 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, kisha toa 1. Namba hiyo ina tarakimu 646,456,993. Namba tasa kubwa kuliko zote iliyotangazwa Oktoba 2024 na mradi wa GIMPS, ambao tangu 1996 unatumia kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote, ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na kuithibitisha kulitaka mashine zenye nguvu kubwa. Hii yetu ni ndefu kuliko hiyo zaidi ya mara 15. Mtu angedhani haiwezekani kujua chochote kuihusu.

Kumbe tunajua kwamba si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031, namba ya tarakimu 15 tu. Iangalie hiyo namba: ni 2 × 68,745 × 2,147,483,647 + 1. Umbo lile lile la Euler, kigawe cha mara mbili ya kipeo, ongeza 1. Waliokipata kigawo hiki hawakuigusa namba yenye tarakimu milioni 646. Walipita kwenye wagombea wa umbo hilo, na kila mgombea walimpima kwa mabaki. Kipimo chenyewe ni kifupi ajabu. Anza na 2. Ipandishe kwa mraba, zidisha kwa 2, gawa kwa mgombea, shika baki. Rudia mara 30. Kipeo kinapanda kutoka 1 kwenda 3, 7, 15, 31, hadi 2,147,483,647. Baki la mwisho likiwa 1, mgombea ni kigawo. Hatua 30, kwa namba ambayo ukiichapa ingejaza maktaba. Wanaodhani hesabu za namba kubwa ni suala la kuwa na kompyuta kubwa wangefaidika kuitazama hesabu hii kwa utulivu.

Sasa twende kwenye kompyuta, na kwenye kazi ya kwanza.

Kwa miongo mingi kompyuta nyingi zilihifadhi namba katika nafasi ya biti 32, kila biti ikiwa 0 au 1. Ukitaka namba chanya na hasi zote zikae humo, biti moja inatumika kutofautisha pande hizo mbili. Zinabaki 31. Zote zikiwa 1, thamani yake ni 2³¹ − 1. Hicho ndicho kikomo, na hakuna aliyekichagua. Ukiongeza 1, katika mashine nyingi namba haiendi mbele. Inaruka hadi −2,147,483,648.

Utasa hapa hauhusiki hata kidogo. Angalia vikomo vingine vya ukoo huo. Biti 8 zinatoa 127, ambayo ni tasa. Biti 16 zinatoa 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 zinatoa 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili, kisha kwa 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Kikomo kisicho tasa kinafanya kazi vizuri vile vile kama kilicho tasa. Tofauti ni kwamba 7 na 31 ni vipeo tasa, ilhali 15 na 63 si tasa, na kipeo kisicho tasa hakiwezi kamwe kuzaa namba tasa ya Mersenne.

Kikomo hiki kimewaumbua wengi. Mwishoni mwa 2014 wimbo wa Gangnam Style wa Psy, mwanamuziki wa Korea Kusini, ulikaribia kutazamwa mara 2,147,483,647 kwenye YouTube, na wenye mtandao huo wakatangaza kwamba wamehamishia kihesabio chao kwenye biti 64. Hiyo ilikuwa burudani. Mwaka uliofuata haikuwa burudani: mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, kwamba zikiachwa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248 mfululizo, kihesabio ndani ya mitambo inayosimamia jenereta kinajaa na ndege inaweza kupoteza umeme. Gawa sekunde katika sehemu mia, hesabu sehemu hizo hadi 2³¹, utapata siku 248 na nusu. Msomaji makini atakumbuka kwamba 248 ndiyo namba ya kichujio cha Euler. Ni sadfa nyingine. Huko ilitokana na 8 × 31, huku na urefu wa siku. Ninaitaja kwa sababu najua kuna atakayeijengea hadithi.

Linalotuhusu sote zaidi ni saa. Mifumo mingi ya kompyuta inahesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Mfumo unaohifadhi hesabu hiyo katika biti 32 zenye alama ya chanya au hasi utafika 2,147,483,647 siku ya Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde moja baadaye, mfumo usiorekebishwa utasoma Ijumaa, 13 Desemba 1901. Kompyuta na simu mpya za biti 64 hazina shida hiyo, na Linux ilipata marekebisho kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Hofu yangu iko kwenye vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani au kufukiwa ardhini na kusahaulika: mita, vidhibiti vya pampu, mitambo ya viwandani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Hakuna anayevisasisha. Na mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaosainiwa leo unavuka tarehe hiyo, kwa hiyo programu inayokokotoa marejesho inakutana na 2038 sasa hivi, si wakati huo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya programu vilivyoandikwa kwa ajili ya dola havilisemi. Mtu anayetengeneza mfumo wa mauzo hufundishwa, na ni fundisho zuri, ahifadhi fedha kwa senti ili kuepuka desimali. Katika biti 32, kiasi kikubwa kinachowezekana kinakuwa 21,474,836.47. Kwa dola, duka la kawaida halifiki huko kwa muamala mmoja. Kwa shilingi ya Tanzania au ya Uganda, muuza magari anafika kabla ya chakula cha mchana. Hata ukiacha senti na kuhifadhi shilingi nzima, kikomo ni bilioni 2.1 na ushei, na jumla ya mwezi ya msambazaji wa kati wa saruji inaweza kukivuka. Mwandishi wa programu wa Kampala, Bujumbura au Lubumbashi anakutana na 2³¹ − 1 mapema kuliko mwenzake wa Chicago, kwa sababu ya sufuri za fedha yetu tu. Katika ukaguzi wa mifumo hili lafaa kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuangaliwa, na halihitaji utaalamu mkubwa: fungua kanzidata, tazama aina ya safu ya kiasi na safu ya muda.

Kazi ya pili ni tofauti kabisa. Kompyuta haina kete ya kurusha. Inapotakiwa kutoa namba za nasibu, kwa mfano katika mchezo au katika kuiga foleni ya watu benki, inazitengeneza kwa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani D. H. Lehmer alipendekeza njia rahisi: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa kizidisho maalumu, gawa kwa namba fulani kubwa, na baki ndilo namba yako inayofuata. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walichagua kigawanyi kiwe 2,147,483,647 na kizidisho 16,807. Mwaka 1988 Park na Miller wakaipendekeza njia hiyo iwe kiwango cha chini ambacho mfumo wowote unapaswa kukifikia, na imo hadi leo katika maktaba sanifu ya lugha ya C++.

Hapa ndipo utasa unapolipa. Kigawanyi kikiwa tasa, ukianza na namba yoyote kuanzia 1 iliyo ndogo kuliko kigawanyi, baki haliwi sufuri kamwe, na kizidisho kikichaguliwa vizuri utapita kwenye namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja. Jaribu hayo kwa 32,767, kikomo cha biti 16: ukianzia kwenye namba inayogawanyika kwa 7, utabaki kwenye vigawe vya 7 milele, kwa sababu 7 ni kigawo cha 32,767.

Na kwa nini 16,807? Ni 7⁵. Zidisha 7 kwa yenyewe tena na tena huku ukishika mabaki, na utapita kwenye namba zote 2,147,483,646. Lakini 7 ni ndogo mno. Hatua zake zinaonekana. Ukitaka kuipandisha kwa kipeo bila kuvunja mzunguko, kipeo hicho kisiwe na kigawo cha pamoja na 2,147,483,646, ambayo ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Soma orodha hiyo: 2 imo, 3 imo, 5 haimo. Kwa 7² mzunguko ungekatika nusu, kwa 7³ ungebaki theluthi. 5 ndicho kipeo cha kwanza kinachopita.

Umbo la Mersenne nalo linachangia. Kwa kuwa 2³¹ inabakiza 1, mashine haina haja ya kugawanya: inakata namba katika vipande vya biti 31, inavijumlisha, imemaliza. Ni hila ile ile ya kupata baki la kugawa kwa 9 kwa kujumlisha tarakimu.

Isidhaniwe kwamba naipigia debe njia hii. Kompyuta ya leo inaumaliza mzunguko huo wa bilioni mbili kwa sekunde chache, kwa hiyo utafiti mzito unadai njia ndefu zaidi. Na mtu asithubutu kutengenezea nywila au namba za siri kwa njia hii: anayejua kanuni, akiona namba moja, amezijua zote zinazofuata.

Anayetaka kuiandika mwenyewe ana kipimo kilichotolewa na Park na Miller. Anza na 1. Baada ya hatua 10,000 lazima upate 1,043,618,065. Usipoipata, tazama hatua ya tatu. Ya kwanza ni 16,807, ya pili 282,475,249. Ya tatu inazidisha 282,475,249 kwa 16,807, na zao ni 4,747,561,509,943, lisiloingia katika biti 32. Aliyetumia nafasi ya biti 64 atapata baki 1,622,650,073, ambalo ni sahihi. Aliyezembea akatumia 32 kwa kawaida atapata 1,622,647,863: namba inayofanana na jibu sahihi hadi tarakimu ya tano, isiyotoa onyo lolote, na iliyokosewa.